Wanacheza, na Sitawakataza

Nianze na lile swali, maana hata nisipoanza nalo mtaniuliza tu. "Tichee, kwani hawa watoto husoma saa ngapi?" Nimeulizwa na akina mama, nimeulizwa na wapangaji wa plot tunayopakana nayo, nimeulizwa mpaka na mchungaji anayetuazima chumba chake siku zisizo za ibada. Mtu anachungulia mlangoni, anaona mmoja amevaa sufuria kichwani, wengine wanavutana na beseni, na mimi nimekaa kwenye kistuli changu kimya, basi anajua amenishika. Siku hizi nawajibu: wanasoma sasa hivi, na wewe ndiye unawasumbua.

Sina adabu, najua. Nilikuwa nayo kitambo, nikaona haiwasaidii watoto.

Nafunza nasari huku Lindi, ndani ya Kibera. Watoto wangu ni wa miaka mitatu kwenda juu mpaka wale wanaokaribia darasa la kwanza, wote kwenye chumba kimoja cha mabati. Penseli tunazo, vitabu pia vipo kidogo. Lakini kona kubwa ya chumba ni ya vitu ambavyo watu huviita takataka: vifuniko vya soda, mitungi iliyopasuka, sufuria zilizotoboka, magunzi ya mahindi, vitambaa vya kuokota kwa fundi wa nguo. Asubuhi mtoto akiingia simwambii akae wapi. Anaenda mwenyewe anakotaka, na mimi naangalia anaenda wapi, anakosa nini, namletea, halafu nafunga mdomo. Hapo kwa kufunga mdomo ndipo penye kazi. Asikudanganye mtu kwamba ualimu wa kunyamaza ni wa wavivu. Kuna jioni narudi nyumbani taya zinauma kwa maneno niliyoyameza.

Mchezo ninaotaka kuusimulia haukutoka kwangu. Maji yalikuwa yamepotea Lindi, mifereji ya kuchotea imekauka, na yakija yanakuja sehemu moja na watu wote wanakimbilia hapo. Kwetu, mtungi unasimama kwa niaba ya mwenyewe. Unauacha umepangwa kwenye laini, unaenda kupika chai ama kuamsha watoto, na ukirudi nafasi yako ni yako. Anayesukuma mtungi wa mwenzake anatafuta vita, na vita atapata. Watoto walikuwa wanayaona hayo kila asubuhi kabla ya kuja kwangu. Basi siku moja wakaitoa mitungi mibovu kwenye kona, wakaipanga ukutani, na mchezo ukaanza.

Mwenye mfereji alikuwa msichana mmoja wa wale wakubwa, pengo mbele, sauti ya konda wa matatu, kichwa kigumu kama changu. Mwanzoni aliihesabu tu mitungi, akawauzia wote maji ya hewa, wakaenda. Kesho yake wenzake wakajanjaruka. Huyu akaweka mitungi miwili. Yule akaweka wake akatokomea kucheza na vifuniko. Sasa huyo yuko kwenye laini ama hayuko? Walibishana mpaka uji ukapoa. Mmoja alilia, wawili wakasukumana, na mimi nikajikalia juu ya mikono yangu nisiamue. Kwa mkutano wao wenyewe, wakipayuka wote kwa pamoja, wakakata shauri: mtungi ambao mwenyewe haonekani hauhesabiwi mpaka arudi, na aliyebeba mtoto mgongoni anapita mbele. Mtoto mwenyewe ni kitambaa kimefungwa fundo.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuhesabu chochote, ilikuwa lazima wakubaliane kwanza. Tunahesabu mitungi ama tunahesabu watu? Maana jibu si moja. Nyinyi mliofunzwa namba kwa kuziimba, hebu niambieni mngefika hapo lini.

Halafu wakataka bomba. Hawakutaka nichore bomba ubaoni, walitaka bomba la kushika. Niliwauliza tutalitoa wapi, wakasema kwa wale mafundi wa Laini Saba, kando ya reli. Tukashikana mikono, tukaenda, watu wakiniitia njiani, "Tichee, shule imefungwa?" Fundi mmoja wa jua kali akawasikiliza shida yao mpaka mwisho, akawakatia vipande vya bomba la plastiki, akawafunza na kuviunganisha. Tuliporudi wakamwaga maji ya ukweli humo ndani. Yakavuja kila mahali. Wakaanza kutafuta yanatokea wapi na kwa nini, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna nyumbani.

Mamake yule msichana alifika wakati huohuo. Nilimwita kwa jina la bintiye, kama tunavyoitana sisi wote huku, lakini hakuniitikia. Yeye ni mwenyeji wa magharibi, mtu wa sauti ya chini, anafulia watu nguo kwenye nyumba zao. Alimvua mtoto sweta, akaikamua maji mbele yangu, akaiweka mezani.

"Mwalimu, mimi nafua nguo za watu kutwa nzima. Nikirudi nifue tena za shule?"

Nikasema nitaianika.

"Anika. Na kitabu chake nimekiangalia. Kiko vile nilikinunua."

Hapo ndipo aliponieleza, na hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo. Dadake alikuwa anakaa Kawangware, steji ya 46, na alikubali wabanane naye. Kazi nyingi za kufua zilikuwa upande huo, miguu yake ingepumzika. Na karibu na hiyo plot ya dadake kulikuwa na shule ya mawe, ina madarasa kutoka la kwanza kwenda juu, na mchana watoto wanapewa chakula. Lakini mtoto haingii bila intavyuu. Akipita, wanahama. Akianguka, wanabaki, na mwaka ukianza mtoto hana pa kwenda, kwa sababu kwangu palikuwa panaishia nasari. Ukitoka kwa mlango wangu hukuwa na mwingine wa kuingilia.

"Mfunze kuhesabu mpaka mia," akasema. "Na asimame wima akihesabu. Hayo ndiyo wanauliza."

"Kuhesabu anajua."

"Anajua kucheza maji."

Nikaanza kumweleza ile habari ya mitungi. Alinikatiza. "Tichee, wako yuko wapi? Ni rahisi kujaribu na wangu."

Maneno hayo yaliniuma, na nasema wazi yaliniuma. Sijazaa, na yeye alijua. Nilipandwa na hasira, na kwa hasira hiyo nikamwambia yale ambayo nilikuwa nayaamini hata bila hasira. Sitamkalisha huyu mtoto kwenye benchi aimbe namba kama kasuku. Ukitaka kumtoa, mtoe leo. Lakini siku ya intavyuu nitakuja na nyinyi, na lolote litakalotokea litatokea nikiwa nimesimama hapo.

Kesho yake mtoto alikuja. Si kwamba mama alikuwa ameniamini. Alikuwa na nguo za watu za kufua, na hakuwa na mahali pengine pa kumwacha. Mimi nami sikubadilisha kitu. Kila nilipomwona mama yule mlangoni jioni, nilijua shule ikimkataa mtoto, mimi nitalala kwangu salama na wao ndio watakosa pa kwenda. Nilijua hivyo na bado niliwaacha watoto na mfereji wao.

Siku ikafika. Mama alivaa rinda la kanisani, mtoto alisukwa mistari mipya, soksi nyeupe pe. Njia nzima mama alikuwa anamnong'oneza, "Ukiulizwa, jibu. Usiulize mtu kitu. Jibu." Mimi hakunisemesha.

Shule ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Kuta za mawe, ghorofa, lango lililopakwa rangi, na harufu ya maharagwe kutoka jikoni. Nilimwona mama akivuta ile harufu. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi tukisikia watoto waliotutangulia wakihesabu, moja mpaka mia kwa pumzi moja. Mmoja alifika thelathini na tisa akarukia sabini, akaendelea mbele bila wasiwasi, na alipotoka mamake alikuwa anatabasamu. Mtoto alikuwa amepita.

Tukaitwa. Mwalimu wa intavyuu alikuwa kijana wa tai, macho yamechoka. Sikumchukia. Alikuwa amesikiliza nyimbo hizo tangu asubuhi na mtu yeyote angechoka.

"Hesabu mpaka mia," akamwambia.

Mtoto akaangalia juu ya meza. Akaangalia chini, akaangalia dirisha.

"Nihesabu nini?"

"Namba."

"Namba za nini?"

"Wewe hesabu tu. Kama wenzako."

Mtoto akanigeukia. Hakuwa na woga hata kidogo. Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia mtu akiruka laini ya mitungi. "Tichee, hajasema ni nini."

Kijana akashika kalamu. "Huyu bado," akasema, akimwambia mama. "Mrudishe nasari mwaka mmoja. Akijua kuhesabu, mje."

Sitadanganya kwamba nilifurahi. Niliona ile harufu ya maharagwe inawapita, na chumba cha dada, na kazi za karibu, yote kwa sababu yangu, na hapohapo nikaona kwamba mtoto ameuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye ofisi ile asubuhi nzima. Mambo yote mawili yalikuwa kweli. Nilikuwa na hotuba tayari. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mama akanitangulia. Nilidhani atamfokea mtoto, ama atanifokea mimi, na nilikuwa nimejikaza kupokea.

"Mwalimu," akamwambia yule kijana, sauti ileile ya chini. "Mtoto amekuuliza swali. Mjibu."

"Mama, sina huo muda. Si unaona nje kuna laini?"

"Hata yeye ameiona. Ukimwambia aihesabu, ataihesabu. Lakini mwambie."

"Mama, hapa ni shule. Sisi ndio huuliza."

Nikamwona mama anayarudia maneno yale kichwani, polepole, kama mtu anayekagua doa kwenye nguo aone kama litatoka. Halafu akasimama, akamnyoosha bintiye kola.

"Basi hapana," akasema. "Asante, lakini hatutarudi."

Kijana alifikiri hajaelewa. Akamwambia tena kuhusu mwaka ujao. Mama alikuwa ameshafika mlangoni.

Nje alitembea mbele, haraka, akimvuta mtoto, na mimi nyuma yao nikikwepa matope. Tukapita wauza mitumba, tukapita vibanda vya mboga, hajageuka. Nilitaka kumwambia pole, nikaona pole yangu haina kazi. Nilitaka kumwambia amefanya vizuri, nikaona huo ni ufidhuli, mimi ni nani nimpe maksi. Mtoto alikuwa anaruka madimbwi na soksi zake nyeupe zilikuwa zimeshakwisha. Mamake aliziona, akamwacha aruke.

Tulipofika kwa mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi, mama akasimama. Akanunua hindi moja, akalivunja katikati, akampa mtoto nusu, nusu akanipa mimi. Yeye hakula.

"Umeniharibia mtoto," akasema.

Nikaishusha nusu yangu ya hindi.

"Hakuna shule itamtaka huyu. Atauliza walimu maswali mpaka wamfukuze. Kila mahali nitakwenda kumpeleka, atauliza." Alikuwa na machozi na alikuwa na hasira kwamba ninayaona. "Na mimi sitamwambia anyamaze. Leo nimejaribu njia nzima kumwambia, na nimeona vile huwa mtu akiambiwa anyamaze. Mimi huambiwa hivyo kwa nyumba za watu kila siku. Wewe ndiye umemfanya hivi, sasa utamalizana naye. Januari, anza darasa la kwanza."

"Darasa la kwanza? Mama, hata chumba si changu. Sina madawati, sina ruhusa, sina..."

"Sijakuuliza una nini. Nimekuambia anza."

Nilianza na mmoja, huyo wake, mgongo wake umewaelekea watoto wadogo ili tusichanganyane. Kabla sijapata hata ubao, mamake alikuwa amenikokotea wengine watatu kutoka plot yao, na mama zao nyuma, wakiuliza husoma saa ngapi, na safari hii alijibu yeye.