Klachi Iliyoungua Nakaloke

Klachi ilinigharimu shilingi laki sita na elfu hamsini, na hiyo ilikuwa ya mtumba, iliyotoka Kampala. Ufundi ulikuwa laki mbili. Kulichonga upya lile bamba zito la chuma ambalo klachi huling'ang'ania, elfu sabini. Gari lenyewe ni la michezo, la milango miwili, na limempita mwanangu kwa umri. Mtu mmoja wa Jinja alikuwa ameshaniambia kwamba nikiliuza siku ya bahati ningepata milioni nne.

"Liuze kama vyuma chakavu," mke wangu alisema.

Sikuliuza. Asubuhi moja nilipanda teksi kutoka Jinja, klachi ikiwa kwenye mfuko wa mchele katikati ya miguu yangu, nikaenda Mbale ambako gari lilikuwa limelala wiki saba.

Wiki hizo saba mwanangu hakukanyaga nyumbani. Jumatatu baada ya harusi ya dada yake nilimpa ufunguo alirudishe gari Jinja, kwa kuwa mimi nilikuwa natangulia na wageni. Kabla hajatoka mjini Mbale alinipigia simu.

"Baba, gari linanguruma lakini haliendi."

"Ulikuwa unashindana na nani?"

"Sijashindana na mtu."

"Una miaka ishirini na sita na bado unachezea gari kama toroli. Usinidanganye."

Akasema ufunguo nitaukuta kwa fundi. Alirudi kwa teksi. Anatengeneza simu Jinja, kwenye barabara kuu, na mara mbili nilipita mbele ya meza yake. Mara zote mbili aliinama akawa anatafuta kitu ndani ya boksi mpaka nikapita. Mama yake alimpigia kila Ijumaa. Alimjibu vizuri. Mama aliposema, "Baba yako yuko hapa," ghafla mtandao ulikatika.

Huku kwetu mtu hamwachii fundi gari likiwa limefunguliwa. Unakaa, unaangalia, maana kinachotoka kizuri kinaweza kurudi kibovu. Kwa hiyo nilikaa juu ya tairi kuukuu tangu saa tatu asubuhi, nikaangalia giaboksi ikishushwa kwa kamba na matusi. Fundi alijifunza kazi, na Kiswahili pia, kwenye karakana ya jeshi, na mteja yeyote kwake ni afande, hata muuza nyanya. Nilikuwa na usingizi. Mgongo uliniuma. Nilichotaka ni kazi iishe, nilipe, niondoke.

Saa sita hivi alitoka chini ya gari akiwa na sahani ya klachi. Aliinusa, akacheka, akaninyooshea.

"Afande, nani alikuwa anapika hii kitu?"

"Kijana wangu. Anapenda mbio."

"Mbio?" Aligeuza sahani, akagonga kwa bisibisi springi ndogo zilizopangwa katikati. "Mtu wa mbio anavunja hizi. Anaachia klachi kwa nguvu, paa! Angalia, zote ziko nzima. Sasa tazama hapa." Kule ndani ya gari, lile bamba la chuma lilikuwa na madoa ya buluu, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. "Hii haikufa na mbio. Imekufa na kutembea. Mtu ameweka mguu nusu, nusu, muda mrefu sana. Mlikuwa mnazika mtu?"

"Hapana," nilisema. "Tulikuwa tunaoza binti."

Nilifanya kazi ya habari miaka mingi. Nilijua kuuliza maswali mawili kabla ya kuandika mstari mmoja. Kwa mwanangu sikuwa nimeuliza hata moja la kweli, na jibu lilikuwa mguuni mwangu.

Gari la bibi harusi lilikuwa hilihili, na nililiendesha mimi. Binti yangu tulimwingiza kiti cha nyuma yeye na gauni lake kama godoro linalopita dirishani. Kutoka sokoni Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, hadi kwa bwana harusi ni mwendo mfupi, wenye kupanda kidogo, lakini wapiga matari walitangulia kwa miguu, na walipofika mbele ya kila duka walisimama, wakapiga, wakasubiri kutunzwa pesa. Nyuma yao nilikuwa mimi. Sikutaka gari linizimikie mbele ya wakwe, wala lirudi nyuma. Nikashikilia klachi nusu, nikakanyaga mafuta kidogo, saa nzima na zaidi. Harufu niliisikia. Nikadhani ni mahindi yanayochomwa barabarani. Mwanangu alikuwa akitembea kando ya dirisha langu. Aliinama akasema, "Baba, toa gia, weka nyutro, tumia breki ya mkono." Nikamwambia asinifundishe gari mbele za watu.

Nilitoka nje ya gereji, nikampigia mwanangu kwa simu ya fundi, maana yangu asingeipokea.

"Ni mimi. Klachi niliiunguza mimi, siku ya harusi. Fundi ameiona."

Upande wa pili palikuwa na kelele za barabara. Kisha akasema, "Mpe fundi simu."

"Nimekwambia mimi mwenyewe."

"Nimesikia. Mpe fundi."

Nikampa. Fundi alisikiliza, akacheka mara mbili, akasema, "Ndiyo, springi ziko nzima, kijana," akaeleza yale madoa ya buluu, akasema ndiyo tena, akakata. Alifuta simu kwenye ovaroli yake na kurudi chini ya gari.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Amesema Jumamosi atakuja hapa kujaribu gari yeye mwenyewe, kabla haijaenda Jinja. Hataki uipeleke wewe."

"Na mimi je?"

"Wewe hajasema, afande. Ameuliza gari tu."

Nikakaa tena juu ya tairi. Giaboksi ilikuwa bado chini, na kabla ya kuirudisha ilibidi bamba lile lipelekwe kuchongwa.