Uji wa Mke Mwenza

Praxeda Komba wa Maramba hakuwahi kupenda kufundishwa. Msimamizi wa shamba la mkonge aliyetaka kumwonyesha namna ya kuanika katani alirudi ofisini kimya, na Praxeda akaendelea kuanika anavyojua yeye miaka ishirini na mbili. Kwaya ilipomwambia aimbe sauti ya pili, aliimba ya kwanza, tena kwa nguvu. Basi siku Mwalimu Mkuu Idarusi alipomwita shuleni akamwambia mjukuu wake anahitaji mtaalamu, alisimama akakaza kanga kiunoni.

"Mtaalamu wa nini? Mtoto ana mimi."

"Kaa kwanza, Bi Praxeda. Precious kamng'ata mwenzake, Semeni, mpaka damu. Kabla ya hapo alimwaga sufuria nzima ya uji wa darasa la tatu, siku ya zamu yake ya kugawa."

"Huyo Semeni alimfanya nini?"

"Alikuwa anakunywa uji uliobaki kikombeni mwa Precious."

"Uji wa shule hii? Hata mbwa angemng'ata aliyempa."

Mwalimu hakucheka. Alisema mtoto asirudi darasani mpaka atibiwe na barua iletwe. Praxeda alimshika Precious mkono wakatoka.

Nyumbani walikuwa wawili tu. Mama yake Precious yuko Maskati, kazi za ndani, mwaka wa sita huu. Babu yake, mzee Wilfred, walimzika mwezi wa tatu. Zamani nyumba ile ilikuwa na kelele za utani tangu asubuhi, maana bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, mume wao ni babu, na wake wenza lazima watukanane.

"Mke mwenza, umempa mume wangu chai haina sukari, wataka niachike mimi?"

"Wewe ushazeeka, rudi kwenu Songea!"

Hapo Wilfred alicheka hadi akakohoa. Tangu azikwe, Praxeda akirusha neno halirudi. Mtoto wa miaka tisa anamtazama kama ukuta. Akiambiwa akoroge mboga, anatupa mwiko. Akipewa sahani ampelekee jirani, anaiangusha. Praxeda alisema ni kiburi, akampiga. Kiburi kikazidi.

Jumamosi akaja Consolata kutoka Tanga mjini. Huyu ni binti wa pili wa Praxeda, mama mdogo wa Precious, anauza kanga katika duka la Azim, Mhindi wa Kibohora wa Barabara ya Nane. Alifika na maneno yake tayari.

"Mama, mke wa bosi wangu, Narmin, anatibu watoto wa namna hii. Kasomea. Anamtuliza mtoto kwa maneno mpaka anakuwa kama kasinzia, kumbe anasikia yote, halafu wanazungumza."

"Anamlaza mtoto wa watu mchana, halafu anamchokonoa kichwa. Huo ni uchawi."

"Padre nimemuuliza, kasema siyo uchawi."

"Padre kazaa watoto wangapi?"

"Mama, sikiliza. Dada kapiga simu kutoka Maskati. Ama Precious atibiwe, ama namchukua aishi kwangu, asome mjini. Wewe utabaki na kuku wako."

Hilo ndilo lililompeleka Praxeda Tanga. Siyo tiba. Nyumba ile bila mtoto ilikuwa nini? Kitanda, sufuria na picha ya marehemu. Alivaa kanga mpya, akabeba rozari, akapanda ngazi za juu ya duka la Azim amenuna.

Narmin alikuwa mwanamke wa makamo, kavaa rida, vazi la wanawake wa Kibohora, ya buluu yenye maua. Akainama kidogo. "Shikamoo, bibi."

Praxeda alimtazama juu mpaka chini, asiitikie. Akavuta kiti akakiweka mlangoni kabisa, akakaa. "Fanya hiyo kazi yako. Mie niko hapa. Ukimtia jini nakuona."

"Kaa tu, bibi. Ila usiongee."

Kuambiwa asiongee! Tena na mke wa mwenye duka! Alimeza, kwa sababu Consolata alikuwa nyuma yake.

Mara ya kwanza hakikutokea kitu. Mtoto alikaa mkekani, akaulizwa jina la kuku wake, akapewa kalamu za rangi. Mara ya pili vilevile. "Uganga gani wa kuchora kuku!" alisema Praxeda ngazini, kwa sauti ya kusikiwa na wateja wote chini. Azim akajifanya anapima kitambaa.

Mara ya tatu Narmin alimwambia Precious anyooshe mikono yote miwili mbele, afumbe macho, avute pumzi polepole. Sauti yake ilishuka, ikawa kama ya mtu anayebembeleza mtoto mchanga.

"Mkono wa kushoto umefungwa puto, unapanda wenyewe. Wa kulia umebeba kitu kizito, unashuka. Huna haraka. Uko hapa, bibi yako yuko mlangoni, hakuna wa kukugusa."

Praxeda aliona kwa macho yake mkono wa kulia wa mtoto ukishuka taratibu, ukitetemeka, na hakuna kitu mkononi. Rozari ikamponyoka mapajani.

"Huo mkono umebeba nini, Precious?"

"Sufuria."

"Ina nini?"

"Uji."

"Mbona ni nzito. Ungependa kuiweka chini upumzike?"

"Nikiiweka watakunywa."

"Wakinywa?"

"Watakufa kama babu." Mtoto alisema hivyo bila kulia, macho kafumba. "Semeni alikuwa ameshashika kikombe. Nikamng'ata akiachie."

Narmin hakuuliza zaidi. Alimsaidia mtoto kuutua mzigo ule kidogo kidogo, akamhesabia, akamfumbua macho, akamtuma na Consolata chini wakanywe soda. Kisha akamgeukia Praxeda.

"Bibi, nani alimwambia uji wake unaua?"

Praxeda alijua. Asubuhi ile ya mwezi wa tatu Precious alipika uji peke yake, mara ya kwanza katika maisha yake, akampelekea babu. Wilfred alikunywa, akasifu, akaegemea ukuta, akaondoka duniani. Ni moyo, daktari aliandika. Na siku ya msiba walikuja watani, watu wa makabila wanayotaniana nayo, waliofanya nao kazi kwenye mkonge. Mtani mmoja, Ayubu, alivaa koti la marehemu akatembea anachechemea kama yeye. Msibani utani ni lazima, bila hivyo wafiwa hupasuka. Na Praxeda, mdomo uliosifiwa kambi zote, asingekubali kushindwa katika msiba wa mumewe mwenyewe. Alimwonyesha Precious kidole mbele ya umati.

"Mwoneni mke mwenzangu! Kampikia mume wetu uji wa sumu, anataka kunirithi nyumba!"

Watu walianguka kwa kicheko. Hata waliokuwa wakilia walicheka, na Praxeda mwenyewe.

"Ulikuwa utani," alisema Praxeda. "Kwetu wafiwa hutaniwa. Nyie mtajua nini?"

"Sijui. Ila mtoto hakujua kuwa ni utani."

"Wajukuu wote hutaniwa! Na mie nilitaniwa!"

"Bibi, mimi naweza kumtuliza, mkono ukaacha kutetemeka. Lakini neno lile silitoi. Lilitoka kinywani kwako, atalisikiliza likitoka huko huko. Mwambie umekosea."

"Wewe unifundishe mimi kumzika mume wangu?" Praxeda alisimama, kiti kikaanguka. "Kaa na maputo yako!"

Akashuka ngazi. Consolata alipoelezwa, hakubishana. "Basi Jumapili namchukua," alisema.

Jumapili baada ya misa begi lilikuwa barazani, limefungwa, na Precious kalikalia. Praxeda alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Alifagia mpaka vumbi likamwingia puani. Mwisho akatupa ufagio.

"Babu yako aliuawa na moyo. Karatasi ya daktari ninayo kabatini. Uji ulikuwa uji. Niliyosema ni uongo wangu, nilitania."

Mtoto akainua uso. "Mbona ulicheka?"

"Ningeanza kulia nisingenyamaza. Ndiyo maana."

Precious alifikiri. Ni mtoto wa ukoo ule ule, shingo ngumu vilevile. "Watu wote walicheka. Hakuna aliyesema siyo kweli. Uwaambie wao."

"Nini?"

"Uwaambie wao, bibi. Waliocheka."

Consolata alitaka kumkemea mtoto, Praxeda akamzuia kwa mkono. Katika miaka sabini na moja hakuwa amemwomba mtu radhi, hata Wilfred, na Wilfred alistahili mara nyingi. Kisha akaingia ndani akavua kanga ya kufagilia, akavaa gauni la kanisani, akamshika Precious mkono wakatoka.

Jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali nyumba ya tatu kutoka kwao, wamejaa mikekani, Ayubu mtani naye yumo, maana mkewe ni mwanajumuiya. Praxeda hakungoja sala iishe.

"Nyie! Mlicheka siku ya msiba wangu. Nilisema mtoto huyu kamwua babu yake kwa uji. Nilisema uongo. Mtoto alipika uji mzuri, mzee aliusifu, ni kitu cha mwisho alichokula na kilikuwa kitamu. Nimemkosea. Basi."

Ayubu, kwa mazoea, akafungua mdomo. "Sasa shemeji, kama uji ulikuwa mzuri, mbona aliyeunywa..."

"Funga bakuli lako, Ayubu! Ukilirudia tena hapa nitakutoa hilo jino lililobaki."

Hakuna aliyecheka. Wengine walitazama chini. Mama mmoja alianza kulia, Praxeda akamkata jicho akaacha.

Nje, Consolata alikuwa kashika begi, saa ya basi imekaribia. "Precious, tunakwenda?"

Mtoto alimtazama bibi yake, ambaye alikuwa kawapa kisogo, anapangusa uso kwa mkono wa gauni akisema ni vumbi.

"Nenda wewe, mama mdogo. Mimi Jumatatu nina shule."

"Barua ya mtaalamu huna," alisema Consolata.

"Ataiandika," alisema Praxeda bila kugeuka. "Mwambie yule mwanamke aiandike leo, wewe uje nayo kesho alfajiri. Na umwambie asidhani nitapanda ngazi zake kwenda kumshukuru."