Msiba wa Fundi Funguo

Fundi funguo hakuwa na umri wa kumdharau mtu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, sawa na wale aliowadharau. Wengine alisoma nao darasa moja. Lakini kila asubuhi alipofungua kibanda chake na kupanga tupa zake za kuchongea funguo, kubwa kwa ndogo, aliwaona ng'ambo ya barabara, juu ya ukuta wa kituo cha mafuta kilichokufa zamani, wamejipanga kama kunguru. Asubuhi walikaa upande wa kulia. Mchana kivuli kikihama, nao walihama. Hiyo ndiyo kazi yao kutwa nzima, na jioni walilalamika kwamba mji unachosha.

"Mji hauchoshi," alimwambia mama yake. "Wao ndio wanauchosha mji."

Kiranja wa ukuta alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba, aliyejiita Bosi ingawa hakuwahi kuajiri hata paka. Alitafutiwa kazi kwenye duka la rangi; siku ya tatu akarudi nyumbani akisema makopo yote yanafanana.

Jumanne moja fundi aliitwa mtaa wa mbali, kwa bibi aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Alifunga kibanda bila kuaga, na simu yake ilikuwa imeisha chaji. Pale ukutani walikuwa wamekwisha kumsengenya kila mpita njia, na mwingine hakutokea. Bosi akatazama kibanda kilichofungwa, akapiga miayo, kisha akaandika kwenye kundi la simu la mtaa: *Fundi funguo hatunaye. Umeme umemmaliza.*

Fundi aliporudi alasiri alikuta uani kwao pamejaa viti. Aliposimama nyuma ya ua kushangaa, alimsikia muuza mkaa, ambaye wiki iliyopita alimwita yeye mwizi, akisema mji umepoteza kijana mwaminifu. Akasikiliza kidogo zaidi ya ilivyopasa. Maneno yalimpendeza, na akaona haya.

Alipoingia, watu walinyamaza kama redio iliyokatiwa umeme. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, kiatu mguu mmoja. Alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa masikio, mabega, vidole.

"Umekula?" akamuuliza.

Baadaye Bosi akaja na wenzake, anatabasamu. "Shangazi, ulikuwa utani tu. Si unajua hapa hakuna cha kufanya."

"Hakuna cha kufanya," mama alirudia, taratibu. "Haya. Viti hivi vimeazimwa shuleni, virudisheni kwa kuvibeba vichwani. Masufuria yale yasugueni mpaka nijione uso. Halafu wewe, mtoto wa kaka yangu, utapita mlango kwa mlango useme kwa kinywa chako kwamba ulidanganya."

Fundi alivuta kigoda ajionee wanavyoaibika. Hawakuaibika. Walishindana nani atabeba viti vingi, wakamwagiana maji ya masufuria, wakacheka mpaka kukaukiwa sauti. Bosi naye, kila mlango alioufikia, uongo wake ulizidi kunoga. Mlango wa tano walimkaribisha ndani awasimulie upya tangu mwanzo.

Jua lilipotua alirudi anatiririka jasho. "Kusema kweli, ndugu yangu," alisema, "leo siku imekwenda."

"Mama ameanguka mara mbili njiani akikimbilia kibandani," fundi akamwambia. "Goti limevimba, hawezi kulikunja."

Bosi akainamisha kichwa. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama kuna neno linamjia. Kisha akajifuta shingo kwa shati.

"Chakula kimebaki?"

Fundi alimpakulia sahani, akampa na kijiko. Kumchukia aliona ni kumpa heshima asiyostahili. Akamwacha pale anatafuna, akaingia ndani kumkanda mama goti.