Mchuzi wa Sheri Usioonjwa

Walisema mtoto wa mpishi wa mtaa wa Kibuli hataweza upishi wa mahotelini. Nimerudi kutoka ng'ambo na diploma, na mkahawa huu wa Bukoto ni wangu. Nikimimina sheri, ule mvinyo mtamu uliotiwa pombe kali, kwenye kikaango cha moto, mvuke wake unanirudisha nyumbani kwa ofisa wa jeshi aliyemwajiri mama.

Mama alipika mchuzi wa nyama kwa sheri bila kuuonja hata siku moja. Alinusa tu. Harufu ikiacha kuchoma pua, aliepua.

Siku moja nilibeba viazi, yeye akabeba bakuli la mchuzi. Ofisa, aliyeogopa sumu kama wakubwa wengi wa wakati ule wa utawala wa kijeshi, aliweka bastola mezani.

"Wewe mama, onja kwanza."

"Mimi Mwislamu, afande. Pombe haiingii mdomoni mwangu."

"Nimesema onja!"

"Kama mwanamume mzima anaogopa mchuzi wangu, basi ale viazi vikavu."

Mimi nilirudi nyuma hatua moja. Mama hakusogea.

Ofisa alikula viazi vitatu vikavu, akimkodolea macho. Cha nne akakichovya.