Mama wa Witeithie Katika Monasteri

Siku yangu ya kwanza kazini, Bruda Msimamizi wa Wageni alinikabidhi funguo na rundo la mashuka. Nilikuwa mjane kijana kutoka Kakamega, mgeni kabisa upande huu wa Kalimoni, na sikuwa nimewahi kuona monasteri.

"Mama Nekesa," akasema, "mtu akibisha, fungua kwanza. Maswali baadaye."

Nilitandika vitanda, nikapika chai, na hatimaye nikapewa kazi ya kutembeza wageni. Wengi walitokea Thika, baada ya kutazama maporomoko ya Chania. Niliwaonyesha kanisa kongwe la mawe, na viti ambako watawa Wabenediktini huketi pande mbili wakipokezana zaburi. Sala hizo huitwa masifu. Zikianza, mtembezaji hunyamaza. Kisha tulifika kwenye mlango ambao mgeni hapiti. Ng'ambo yake ni klauzura, makao ya watawa peke yao.

Nilikuwa nimeizoea kazi, chini ya msimamizi wa pili, Bruda mkali, alipofika mama mwenye duka mjini Witeithie. Mwanawe wa pekee, Njoroge, alikuwa novisi, yaani mtawa mwanafunzi, na kesho yake angeweka nadhiri.

"Sikuja kuona kanisa," akaniambia. "Nimekuja kuchukua mtoto wangu."

Nilimpa kiti, nikaenda kwa Bruda.

"Mwambie arudi kesho, aone sherehe kama wazazi wengine."

"Kesho atakuwa amechelewa, Bruda."

"Hiyo si kazi yako."

"Yeye ni mgeni. Wageni ndio kazi yangu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Abate, mkuu wa monasteri. Abate alinisikiliza, akamwita Njoroge aje bustanini, nami nikampeleka mama yake huko.

"Ngai! Umekonda," mama akalia. "Tulizika baba yako, kaburi halijakauka, ukakuja huku. Hata hukuniuliza!"

Abate akamwuliza kijana kama angeweza kuweka nadhiri katika hali hiyo.

"Siwezi, Padre."

Mama na mwanawe wakaondoka pamoja jioni ile.

"Umetupotezea mtawa," Bruda akaniambia. Niliumia, maana nilimpenda yule kijana. Lakini sikuomba msamaha. Mama yake angekuja tena, ningemfungulia tena.

Kahawa mashambani ilichumwa, ikachanua upya, ndipo wakabisha. Bruda mwenyewe alifungua. Mama ndiye aliyebeba begi, na Njoroge nyuma yake.

"Ile mara ya kwanza mlimchukua," mama akasema. "Leo nimempeana."

Bruda alilipokea lile begi kwa mikono miwili. Kisha akageuka kunitazama.

"Mama Nekesa, tafadhali, chai."

Sasa nimestaafu, naishi Ruiru kwa binti yangu. Watembezaji vijana huja kuniuliza nani alijenga kanisa na mawe yalitoka wapi. Nawaeleza yote ninayojua. Kisha nawaambia wamtazame mgeni usoni kabla ya kuanza hadithi. Kuna aliyekuja kuona majengo, na kuna aliyekuja kumtafuta mtu wake.