Nimeipata ladha ya kahawa ya marehemu mama, na sasa sijui niifanye nini

Wakuu, heshima zenu.

Naandika nikiwa dukani, nimezungukwa na masufuria, na wateja nawajibu bila kuinua kichwa. Ninachowaeleza kimetokea nyumbani kwangu, sijaongeza chumvi. Jina moja tu ndilo nimelibadilisha.

Wapo watakaokumbuka uzi wangu wa kuuliza kwa nini kahawa ya nyumbani inatoka chungu au inatoka maji maji. Mlinisaidia sana. Mmoja akaniambia ninunue grinder ya kusagia buni, mwingine akaniambia shida ni maji kuchemka kupita kiasi, na wengine mkanicheka kwamba Mchaga mzima anauliza habari za kahawa.

Mlikuwa na haki ya kucheka. Ila sikuwaambia kwamba kahawa yenyewe haikuwa yangu. Mimi ni mtu wa chai. Kahawa ni ya baba.

Kwa wasiojua, kwetu Kibosho kahawa ilikuwa zao, haikuwa kinywaji. Tuliichuma, tukaimenya, tukaianika, ikaenda ushirika, halafu sisi ndani tunakunywa chai. Baba alishuka Dar akiwa kijana, akafungua duka la vyombo hapa Kariakoo, akaoa mwanamke wa Masasi. Huyo mwanamke wa Masasi ndiye aliyemfundisha kunywa kahawa. Shangazi zangu hawakuwahi kulisamehe jambo hilo.

Kila siku saa kumi alasiri mama alikuja dukani na birika na vikombe viwili. Wanakaa nyuma, kati ya makatoni, wanakunywa. Mteja akija anasubiri. Nimekulia kwenye harufu ile na sikuwahi kuuliza inatengenezwaje, maana nilidhani mama atakuwepo tu.

Mama alifariki mwaka juzi.

Baba akaanza kusahau. Kwanza ilikuwa funguo, halafu ikawa njia ya kutoka dukani kwenda nyumbani, na hapo ni mitaa miwili tu. Halafu akanisahau mimi. Sasa hivi ananiita "kijana", anadhani mimi ni mtu niliyeajiriwa kuuza duka lake. Ananiamkia asubuhi kwa adabu kabisa, na mimi namjibu hivyo hivyo.

Hayo yote nilikuwa nimeyazoea. Kilichonitisha ni kula. Mzee alianza kukataa chakula. Mke wangu Neema anampikia ndizi, anampikia mtori, analeta kijiko, mzee anafunga mdomo. Suruali zikawa hazikai kiunoni. Daktari akasema tutafute kitu alichokuwa anakipenda, chochote kile, tuanzie hapo.

Na kitu chenyewe alikuwa anakitaja mwenyewe. Kila ikifika saa kumi anauliza, "Kahawa iko wapi?" Unampa. Anaonja funda moja, anakiweka kikombe chini taratibu na kusema, "Hii siyo."

Miezi mitano, wakuu. "Hii siyo."

Ndiyo maana nilikuja humu kuuliza. Nilikuwa natafuta njia ya kumlisha baba yangu, nikaona aibu kusema.

Sasa niwape mrejesho wa ushauri wenu, maana mlitumia muda wenu.

Nilianza na kahawa ya kopo. Akaitema.

Nikanunua ile chupa ya kioo yenye kichujio cha kusukuma kwenda chini, french press. Kosa langu la kwanza nikatumia kahawa iliyosagwa laini sana. Kichujio kikagoma kushuka, na kilichotoka kilikuwa tope chungu. Mkaniambia nisage chenga kubwa. Nikasaga chenga kubwa, nikaiacha dakika nne kama mlivyosema. Ikatoka nzuri, nakiri. Mimi mtu wa chai nilimaliza kikombe. Baba akasema hii siyo.

Nikaagiza kwa baba mdogo kule Kibosho anitumie buni kutoka shamba letu lile lile, nikakaanga mwenyewe kwenye kikaango juu ya mkaa. Mara ya kwanza nikaunguza mpaka jirani akagonga mlango. Mara ya pili nikatoa mapema mno, ikawa chachu. Mara ya tatu ikaiva vizuri, rangi moja pande zote. Nikasaga kwa grinder, nikachemsha kwenye birika la mama mwenyewe, nikaiacha iumuke mara tatu kama nilivyokuwa nikimwona akifanya, kisha nikanyunyizia maji ya baridi kidogo ili machicha yazame.

Hapo nilijua nimefika. Baba alishika kikombe, akanusa, akanitazama kwa huruma. Akasema, "Umejitahidi, kijana. Lakini siyo."

Nilienda kukaa kwenye ngazi nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Kuna mkuu alisema humu kwamba kahawa ya zamani ya mjini ilitiwa viungo. Nikaweka kijiko cha masala ya chai. Mzee akauliza nani ameunguza chai.

Aliyenifungua macho ni Neema. Alisema, "Hivi mama alikuwa anasagia wapi? Mbona humu ndani hakukuwa na mashine wala kinu kabla hujanunua grinder yako?"

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza.

Nikamuuliza mama muuza kanga wa duka la pili, yeye ndiye aliyekuwa shoga wa marehemu mama. Akanielekeza kwenye uchochoro mmoja upande wa Msimbazi, kuna mashine ya kusagia viungo. Nilishapita pale mara elfu moja. Akina mama wanapanga foleni na mifuko yao, huyu bizari, huyu pilipili manga, huyu tangawizi kavu, na ukipita lazima upige chafya.

Mwenye mashine ni Mzee Salumu, mtu wa makamo ya baba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Zamu yangu ilipofika nikampa buni zangu nilizokaanga, nikamwomba kwanza aisafishe mashine, maana aliyenitangulia alikuwa amesaga masala ya chai.

Pale kuna utaratibu. Ukitaka mashine isafishwe, wanapitisha kiganja cha mchele, unasagika na kuondoka na vumbi la mtu aliyepita, ndipo unawekewa cha kwako. Kila mtu mwenye akili anadai mchele. Nani anataka pilipili ya mwenzake kwenye kahawa yake?

Mzee Salumu akauchukua mchele, kisha akasita. Akaziangalia buni. Ndipo akaniangalia mimi usoni.

"Wewe wa duka la vyombo?"

"Ndiyo, mzee."

"Mama yako hakuwa anataka mchele."

Nikamwambia sijaelewa.

"Alikuwa anafika hapa na kahawa yake, zamu yake ikifika anampisha wa nyuma. Anampisha na mwingine. Anaweza kukaa saa nzima. Mpaka aje mtu wa masala ya chai. Huyo akishasaga, mama yako anasimama, ananiambia Salumu usiguse kitu, weka hivyo hivyo. Halafu anataka ipite mara mbili, iwe laini kama unga wa ulezi. Watu walikuwa wanamcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa namcheka."

Jamani. Mama yangu alikuwa anapisha foleni nzima kila wiki, kwa ajili ya vumbi la mtu mwingine. Masala yenyewe alikuwa nayo ndani, kopo zima, lakini kijiko kilikuwa kinazidi. Alichokuwa anakitaka ni kile kinachobaki kwenye meno ya mashine, kile ambacho sisi wote tunalipa kiondolewe.

Nikamwambia Mzee Salumu asiguse kitu. Akapitisha mara mbili. Kahawa ikatoka ya moto, laini, na harufu yake ilikuwa ile ile ya saa kumi, kati ya makatoni.

Saa kumi siku hiyo nikachemsha. Kwa kahawa laini vile ile chupa ya kioo hata usijaribu. Inataka birika na moto mdogo, iumuke mara tatu, maji ya baridi, kisha utulie nayo dakika mbili tatu kabla ya kumimina. Nikampelekea baba kibarazani. Neema akaweka na maandazi, kwa mazoea tu, hatukutegemea.

Baba akaonja. Hakuweka kikombe chini.

Akaonja tena. Akachukua andazi, akachovya, akala. Akachukua la pili. Neema alikuwa amesimama mlangoni ameshika kanga mdomoni, na mimi nilishaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kisha baba akaangalia meza. Akasema, "Mbona kikombe ni kimoja? Cha Mama Eliya kiko wapi?"

Eliya ni mimi. Hilo ndilo jina nililobadilisha.

Akasema, "Muite, kijana. Kahawa yake itapoa. Na Eliya akitoka shule mwambieni asiende kucheza mbali."

Wakuu, nilifanya kosa. Nilidhani akili imerudi. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia, "Baba, Eliya ni mimi. Mama alifariki, baba. Tulimzika wote."

Sitaki kueleza sana kilichofuata. Baba alilia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba dakika hiyo hiyo. Aliuliza alifariki lini. Nikamwambia. Akauliza, "Mbona hamkuniambia?" Aliuliza hivyo mpaka akalala kwenye kiti.

Kesho yake alikuwa amesahau yote. Saa kumi akauliza kahawa. Nikampa, akala maandazi mawili, akauliza cha Mama Eliya kiko wapi.

Sikurudia. Nilimwambia ametoka, anarudi. Nikaweka kikombe cha pili. Baba alikaa akikilinda kikombe kile mpaka giza likaingia, anafunika na kisahani, anafunua anaangalia kama bado kina moto. Kila viatu vikisikika kwenye ngazi analiweka sawa shati lake.

Wiki tatu sasa ndiyo hivyo. Suruali zinaanza kukaa. Uzito unarudi. Na kila siku baba yangu anasubiri mke wake kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu, na mimi ndiye ninayemwambia yuko njiani. Neema ameniambia hawezi tena kuangalia, ikifika saa kumi anaenda kwa jirani.

Kipindi chote cha kahawa mbaya hakuwahi kumtaja mama hata mara moja. Ni mimi niliyemrudisha, kwa mikono yangu, kwa ubishi wangu wa kutafuta ladha.

Jana nikafanya jambo. Nilienda kwa Mzee Salumu nikamwambia safari hii weka mchele. Alinitazama, akapitisha mchele mara mbili. Ikatoka kahawa safi kabisa, ile mnayoisifia humu. Nikachemsha vile vile, birika lile lile, na maandazi.

Baba akaonja funda moja. Akakiweka kikombe chini. Akasema, "Hii siyo," akageuka kuangalia barabara.

Maandazi hakuyagusa. Hakuuliza habari za mtu yeyote.

Nilikaa pembeni yake nikisubiri aulize. Nilisubiri kabisa, wakuu. Nilitaka aseme cha Mama Eliya kiko wapi, maana ndiyo sentensi pekee iliyobaki duniani ambamo baba yangu analitaja jina langu. Hakusema. Kahawa yake nikainywa mimi, ikiwa imeshapoa.

Sasa hivi kwenye rafu ya jikoni kuna makopo mawili. Moja lina kahawa safi, lingine lina ya mama. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Somo nililopata, kwa wale wanaopenda uzi uishie na somo: mashine unayosagia, na aliyekutangulia kwenye hiyo mashine, vina uzito kuliko aina ya buni. Chenga kubwa kwa chupa ya kioo, laini kwa birika. Na kama mama yako yupo, mfuate leo jikoni, muulize anafanyaje na kwa nini, uandike.

Zaidi ya hapo sina la kufundisha. Nimekuja kuuliza, na safari hii nauliza swali lenyewe. Aliyewahi kuuguza mzazi aliyesahau, tafadhali aseme lolote, hata kama ni kunilaumu. Nimpe ile anayokula akasubiri, au ile anayoikataa akatulia?

Inakaribia saa kumi. Nafunga duka, naenda nyumbani kubandika maji.