Mwaloni wa Shino

Kwa miaka arobaini Tomekichi aliishi nyumba moja na mwanamke aliyemficha jambo, na hakumlaumu hata siku moja, kwa sababu na yeye alikuwa akimficha lilelile. Jambo lenyewe lilikuwa uyoga.

Usicheke. Pale kwenye ziwa la milimani, kaskazini mwa Japani, uyoga wa maitake si mboga ya mchezo. Huota vuli tu, majani yanapogeuka rangi, kwenye mashina ya mialoni mikongwe, na mti ukishazaa mwaka huu unaweza kukaa miaka miwili bila kukupa kitu. Anayeukuta hucheza palepale msituni, mzima mzima, hata awe mzee wa heshima zake. Na mwenye mti wake hamwambii mtu. Si jirani, si mke, si mtoto wa kumzaa. Kuna wazee wamekwenda kaburini na miti yao, na watoto wao wakawasifu kwa hilo msibani. Kuuliza ni kukosa adabu, na kumfuata mtu nyuma ni wizi.

Kwa hiyo kila Oktoba Tomekichi na mkewe Shino walitoka pamoja alfajiri, kila mmoja na kikapu mgongoni na kengele ya kufukuzia dubu kiunoni, wakaandamana ukingoni mwa ziwa mpaka maporomoko ya pili. Hapo waliachana. Tomekichi alivuka daraja la mbao akashika kulia, Shino akabaki upande wa kushoto. Alasiri walikutana nyumbani.

Sasa, kulikuwa na kitu kilichomkera Tomekichi miaka yote hiyo. Shino ndiye aliyetangulia kufika, na akifika alianza kuosha mchele. Siku ambayo Tomekichi amepata maitake, alikuta sufuria kubwa iko jikoni inasubiri. Siku aliyorudi mikono mitupu, alikuta ile ndogo. Na kikapu chake hajakifunua bado.

"Umejuaje?" alimuuliza kila mwaka.

"Nina njaa tu," Shino alimjibu kila mwaka, kisha akamsogezea dawa ya kuchua magoti.

Shino alifariki mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imefika dirishani. Picha yake ikawekwa kwenye madhabahu ndogo ya nyumbani, na Tomekichi akawa anamwekea wali kila asubuhi, wali mweupe mtupu, maana kupika hakujua. Yeye kazi aliyoijua ilikuwa njia. Tangu ujanani alikuwa mtunza njia ya ziwa: kufagia majani kwenye vivuko vya mbao, kubadilisha ubao uliooza, kufunga kamba penye utelezi. Sasa, Oktoba hiyo, alikuwa na miaka sabini na mitatu na magoti yamekwisha. Binti yake Chizuru alikuwa aje Jumapili kumchukua, akaishi naye mjini, ghorofa ya nane. Tomekichi alikuwa amekubali bila kelele. Ila kabla ya kuondoka alitaka kumpikia Shino wali wa maitake, na si wa maitake yoyote, bali ya mti wa Shino mwenyewe. Mti huo hakujua uko wapi. Na ilikuwa Ijumaa.

Kwa kuwa daktari alimkataza kwenda peke yake, alimchukua Hatsue, mdogo wake Shino, mjane wa miaka sitini na minane mwenye ulimi. Hatsue alikuwa ametafuta maitake tangu akiwa msichana na hajawahi kuona hata moja. Eneo zima lilijua.

"Shemeji, tembea basi," Hatsue alimwambia hata kabla hawajaipita miti ya kwanza. "Hivi tutafika majani yameshadondoka yote."

"Una haraka ya nini? Uyoga wenyewe unakukimbia."

"Unanikimbia kwa sababu nanukia vizuri. Wewe umekuzoea, unakudhani gogo."

Tomekichi akacheka, kisha akaacha, kwa sababu pale njia ilikata kona na ziwa likatokea lote kwa mpigo. Alikuwa ameliona maelfu ya asubuhi. Hata hivyo alisimama. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na mlima wote ulikuwa umelala ndani yake na moto wa majani yake, mwekundu juu, njano katikati, kijani cha misonobari chini, hata ukashindwa kujua mlima wa kweli unaishia wapi.

"Dada alikuwa anasimama hapa," Hatsue alisema.

"Kila mara," Tomekichi alisema.

Wakaacha ziwa, wakapanda na mto. Majani yalikuwa yakianguka bila upepo, moja moja, na mbao za vivuko alizozipigilia kwa mikono yake zilikuwa zimefunikwa rangi hata akaona haya kuzikanyaga. Maporomoko ya kwanza yalishuka membamba kama uzi. Ya pili yalisikika kabla ya kuonekana, kwanza tumboni, kisha masikioni, halafu yakawa mbele yao: maji meupe yakijitupa kutoka juu ya mwamba mweusi, na mvuke wake ukipanda hadi kwenye miti na kuilowesha. Mzee wa watu alivua kofia. Aliona ajabu kwamba kitu kikubwa namna ile kilikuwa kinaendelea tu, mchana na usiku, Shino yupo, Shino hayupo.

Kwenye daraja hakuvuka. Akageuka kushoto.

Hatsue akamshika mkono. "Shemeji. Huko siko kwako."

"Najua."

"Hukuwahi kumfuata?"

"Sikuwahi. Lakini mtunza njia anaona." Akamwonyesha jiwe kando ya njia, limefunikwa na kuvumwani kijani kibichi, isipokuwa pembe moja iliyokuwa tupu, upana wa kiatu kidogo. "Miaka yote nimefagia hapa. Kila Oktoba pembe hii ilikwanguka. Nikawa nageuza uso, nafagia upande mwingine."

Hatsue aliinama akaipapasa pembe ile. "Dada yangu aliolewa na mjinga mwenye adabu," akasema, na macho yake yakalowa. "Haya, panda. Mimi nabaki hapahapa. Mti wake sina haki ya kuuona. Ukianguka, tikisa kengele."

Alipanda akishika mizizi, goti moja likilia na lingine likiitikia. Njia haikuwepo, ila kila alipokwama alikuta tawi mahali ambapo mkono wa mtu mfupi ungelitafuta, limelainika kwa kushikwa. Akajua kwamba anapanda na Shino. Alipumzika mara nne. Mara ya tano aliinua macho akauona.

Mwaloni ule ulikuwa mzee kuliko kijiji. Watu watatu wasingeuzungushia mikono. Matawi yake yalikuwa yameshika anga, na jua lilipopita kwenye majani ya rangi ya shaba, mwanga ulishuka umegeuka asali. Na chini, kuzunguka shina, maitake ilikuwa imeota tabaka juu ya tabaka, ya kijivu na kahawia, vishada vikubwa kuliko mto wa kulalia. Tomekichi alipiga magoti na hakusikia maumivu. Hakucheza. Aliinamisha kichwa, akasema, "Samahani nimekuja bila kuitwa."

Alikata kiasi na kuacha kiasi, kama ipasavyo. Ndipo alipoona uwazi kwenye shina, na ndani yake mto mdogo wa kukalia, wa mabua ya mpunga, umetiwa viraka vya kitambaa cha buluu. Kitambaa alikijua. Ilikuwa suruali yake ya kazi, ile aliyoitafuta mwaka mzima. Mbele ya mti kulikuwa na jiwe bapa, limesuguliwa kwa kukaliwa. Akaweka mto juu yake akaketi.

Kilichomshangaza ni kwamba jiwe liliupa mwaloni mgongo. Mtu aliyeketi pale haangalii uyoga wake. Anaangalia bonde.

Tomekichi akaangalia bonde. Chini mto ulikuwa ukimeta, na ng'ambo, karibu kuliko alivyowahi kufikiri, kilima kilisimama wazi kama jukwaa. Katikati yake kulikuwa na mwaloni uliopasuliwa na radi, nusu hai, nusu mkavu.

Ulikuwa mwaloni wake.

Pale ndipo alipokuwa akifika kila mwaka, akiwa ameijaza kengele yake nyasi ili isilie, akiangalia nyuma na mbele kama mwizi. Pale ndipo alipotupa kofia juu, akaruka kwa mguu mmoja, akazunguka, akaimba kwa sauti ya kuazima, akiamini kwamba hakuna anayemwona ila ndege. Shino alikuwa ameketi hapa na tonge lake la wali mkononi. Alimsubiri acheze, au asicheze, kisha akashuka kwenda nyumbani kuchagua sufuria.

Tomekichi alijifunika uso kwa kofia. Aliona aibu kwanza, aibu ya miaka arobaini kwa mara moja. Halafu akaona kwamba hakuwahi hata siku moja kuwa peke yake msituni, na jambo hilo lilimzidi nguvu, akalia.

Alipomaliza kulia, alishuka hatua chache mpaka akakiona kitambaa cha kichwa cha Hatsue chini.

"Hatsue. Rudi darajani, uvuke. Shika kulia mpaka kwenye chemchemi, kisha panda na ukingo. Utaona mwaloni uliopasuliwa na radi."

"Shemeji," Hatsue aliita kutoka chini, "unaumwa? Watu hawasemi vitu hivyo."

"Nimesema mimi. Ni wako. Nenda."

"Na wewe?"

"Nitakuwa nimekaa."

Alirudi kwenye jiwe. Alikula tonge lake, lenye plamu ya chumvi katikati, aliyoikausha Shino kiangazi cha mwisho. Saa nzima ilipita. Majani yalianguka bondeni, na maporomoko yalinguruma chini ya miguu yake. Kisha kitambaa cheupe kikatokea ng'ambo, kikipanda polepole, kikasimama, kikainama kwenye shina.

Hatsue aliangalia kushoto. Akaangalia kulia. Halafu mjane yule wa miaka sitini na minane akashika pindo za koti lake akaanza kucheza. Alicheza vibaya sana, viwiko nje, akikanyaga huku na huku kama anayezima moto, akajikwaa, akaanza upya. Tomekichi alicheka mpaka akalazimika kushika jiwe. Na akiwa anacheka alijua jinsi alivyopendwa, alijua kipimo cha upendo huo hasa, kwa sababu sasa alikuwa ameketi ndani yake.

Walikutana darajani jua likielekea mlimani. Hatsue alikuwa amefunika kikapu chake kwa majani ya kangaga, uso mkavu kabisa, kama mtu aliyekwenda tu kunyoosha miguu.

"Basi," alisema. "Nimezunguka zunguka tu."

"Tukifika nyumbani," Tomekichi alisema, "toa sufuria kubwa."

Hatsue alisimama. "Umejuaje?"

Mzee akavaa kofia yake, akatangulia kushika njia ya ziwa.

"Nina njaa tu," akasema.